Eti Bendi Inaitwa Kifo!

Hebu nikuulize. Tuseme wewe ni mtangazaji wa redio. Ni saa moja asubuhi, wasikilizaji wako wamebanana kwenye daladala wanakwenda kazini, halafu unatakiwa useme kwa sauti ya uchangamfu: "Na sasa wimbo mpya kabisa kutoka kwa Kifo!" Utaupiga? Mimi sidhani kama ningeupiga. Ningetafuta hata tangazo la sabuni.

Sasa mwaka 1975, jijini Detroit huko Marekani, walikuwepo vijana watatu waliogoma katakata kuliacha jina la namna hiyo. Bendi yao iliitwa Death, yaani Kifo, hivyo hivyo bila kupakwa asali. Walikuwa ndugu wa tumbo moja: David Hackney kwenye gitaa, Bobby kwenye besi na kuimba, Dannis kwenye dramu. Vijana weusi, wanapiga roki ya kasi na ya kelele ambayo wakati ule ilikuwa bado haijapata jina linalofahamika. Na kwa sababu ya jina la bendi, pamoja na mambo mengine nitakayoyaeleza, walipotea masikioni mwa dunia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hadithi yao niliikuta kwenye filamu inayoitwa A Band Called Death, ya mwaka 2012, kazi ya Mark Covino na Jeff Howlett. Mshikaji wangu mmoja aliniletea kwenye flashi akaniambia, wewe unayependa vitu vya ajabu, angalia hii. Niliiangalia mara mbili usiku ule ule. Tangu hapo nimebishana na watu wengi kijiweni, maana karibu kila anayeisimulia anaisimulia kama hadithi ya ushindi: msanii akakataa kununuliwa, wakamcheka, mwisho wa siku dunia ikamkubali. Safi, makofi, twende nyumbani. Mimi naikubali nusu ya hadithi hiyo. Ile nusu nyingine ndiyo inayoninyima usingizi.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 9 Februari 1964, The Beatles walitokea kwa mara ya kwanza kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na Wamarekani wapatao milioni 73 wakakaa mbele ya televisheni kuwaangalia. Kwa akina Hackney, baba mtu aliwaita watoto akawakalisha chini waangalie na wao. Familia inasimulia kwamba kesho yake David aliokota gitaa lililotupwa uchochoroni, akaanza kujifunza. Kesho yake! Wengine tuliwahi kuangalia fainali ya Kombe la Dunia na kesho yake hatukufanya lolote zaidi ya kubishana.

Mwaka 1971 ndugu hao wakawa na bendi. Kwanza waliiita Rock Fire Funk Express, na walikuwa wakipiga muziki wa fanki kama ambavyo ungetarajia vijana weusi wa Detroit wapige. Kumbuka huu ni mji wa Motown, kampuni iliyowatoa The Supremes, The Temptations, Stevie Wonder na Marvin Gaye. Kijana wa Detroit mwenye sauti na suti alijua mlango wa kugonga uko wapi. Ila Motown yenyewe ilihamishia makao yake Los Angeles mwaka 1972, na mjini kulikuwa na watu wengine wanaopiga kelele za aina nyingine kabisa. The Stooges na MC5 wote ni wa huko huko Michigan, na wote walitoa albamu zao za kwanza mwaka 1969. Basi David akaenda kuwaona The Who jukwaani, Dannis akamwona Alice Cooper, na fanki ikaishia hapo.

Hapa pana kichekesho kinachouma. Roki ilijengwa na watu weusi. Chuck Berry, Little Richard, na kabla yao yule mama Sister Rosetta Tharpe aliyekuwa akiliungurumisha gitaa la umeme kwenye nyimbo za injili. Lakini kufikia miaka ya 1970 mambo yalikuwa yamegeuka kiasi kwamba kijana mweusi akipiga roki, mtaa wake mwenyewe unamwona anaiga wazungu. Jimi Hendrix alikuwa amefariki mwaka 1970, na redio zilikuwa zimegawana: hizi za weusi zinapiga soul na fanki, zile za wazungu zinapiga roki. Sasa wewe mweusi mwenye roki unapeleka wapi santuri yako? Huku wanakwambia sio muziki wetu, kule wanakwambia sio mtu wetu. Nadhani hata kama wangejiita Amani na Upendo bado wangepata taabu.

Lakini hawakujiita Amani na Upendo. Baba yao alifariki kwa ajali, na David, ambaye ndiye aliyekuwa na maono katika bendi, alirudi na wazo lake: tujiite Kifo. Kwake yeye kifo kilikuwa jambo kubwa na la kweli ambalo watu wanalikimbia bure. Alitaka kuligeuza neno lile kutoka upande wa giza hadi upande wa nuru. Akachora na nembo, pembetatu yenye duara tatu: roho, akili na mwili, na nje yake duara moja zaidi inayoziongoza zile tatu, ambayo kwake ilikuwa ni Mungu. Kwa hiyo unaona, hawa hawakuwa vijana wa kutisha watu na mafuvu. David alikuwa mtu wa imani. Bobby amewahi kueleza baadaye kwamba kuwashawishi kuhusu jina hilo haikuwa kazi nyepesi hata kidogo.

Mimi kama Mswahili jina lenyewe halinishtui sana, nikisema kweli. Sisi tuna akina Tabu, Shida, Mateso, Masumbuko na Sikujua, na wengine ni watu wanene wenye furaha zao. Mtoto anapewa jina la msiba uliokuwepo nyumbani siku aliyozaliwa, na maisha yanaendelea. David alifanya jambo ambalo bibi yangu angelielewa kabisa: msiba umepita hapa, tuuweke kwenye jina. Tatizo ni kwamba bibi yangu hakuwa na kampuni ya kuuza santuri.

Haya, twende studio. Mwaka 1975 akina Hackney waliingia United Sound, studio maarufu ya Detroit, chini ya kampuni ya mtayarishaji Don Davis. Mpango ulikuwa nyimbo kumi na mbili. Walirekodi saba. Kwa maelezo ya familia, aliyekuwa nyuma ya fedha za kazi ile alikuwa Clive Davis, mmoja wa wakubwa wa biashara ya muziki Marekani, na aliwapa sharti moja tu: badilisheni jina. Muziki aliupenda. Sio kwamba aliwaambia wapunguze kelele, waimbe mapenzi au wavae suti. Jina tu. David akakataa. Fedha zikakatika, nyimbo zikabaki saba.

Walichofanya baada ya hapo kinanifurahisha. Walizichukua kanda zao halisi za studio, wakaanzisha lebo yao wenyewe wakaiita Tryangle, na mwaka 1976 wakatoa santuri ndogo, nakala 500. Upande mmoja "Politicians in My Eyes", wimbo wa kuwasema wanasiasa, upande wa pili "Keep on Knocking". Nakala mia tano! Hapa kwetu mtu akifa wanachapisha fulana nyingi kuliko hizo. Ukisikiliza huo wa kwanza leo, na kwa kuwa uko YouTube huna kisingizio, utashangaa. Besi inaanza peke yake kama mtu anayekimbia ngazi, dramu zinaingia, gitaa linakata, na Bobby anaimba kwa hasira ya kijana aliyekwisha kuwaelewa wakubwa. Wengi wetu neno panki tunalijua kama mtindo wa kunyoa nywele. Basi mtindo ule umetokana na muziki wa panki, na muziki wenyewe ndio huu. Albamu ya kwanza ya Ramones, ambayo vitabu vingi vinaanzia hapo, ilitoka mwaka huo huo wa 1976, wakati nyimbo saba za akina Hackney zilikuwa zimekwisha kurekodiwa na ziko ndani ya boksi. Kichekesho kingine: wale Ramones walijipa wote jina moja la ukoo kana kwamba ni ndugu, na hawakuwa ndugu. Ndugu wa kweli walikuwa Detroit wakitafuta mtu wa kuwapiga redioni.

Sipendi mashindano ya nani alikuwa wa kwanza. Stooges walikuwepo kabla, na kabla ya Stooges walikuwepo wengine. Kinachonigusa ni kwamba hawa watatu walifika pale kwa miguu yao wenyewe, bila kundi la marafiki wa kuwashangilia na bila mwandishi wa gazeti wa kuwaandika. Nani angewaandika? Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka pendekezo la makala kuhusu bendi moja ya roki ya vijana wa mjini hapa kwenye chumba kimoja cha habari. Mhariri akanitazama kama niliyetaka kuandika habari za mchezo wa kuteleza kwenye barafu. "Nani atasoma?" Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yote.

Sasa nifike pale panaponikera.

Nina kaka yangu mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa na kundi la hip hop, watu watatu, yeye na washikaji wawili wa mtaani kwetu. Walikuwa wazuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni kaka yangu. Walipata prodyuza, wakarekodi, prodyuza akawaambia wimbo mkali ila redio hawataupiga namna hii. Ondoeni beti mbili za kulalamikia ajira, wekeni kiitikio cha mapenzi, nitawapeleka mwenyewe. Kaka akakataa palepale. Akasema hatubadilishi hata koma. Nilikuwa mdogo, na siku ile kwangu alikuwa shujaa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia hadithi hiyo kwa majivuno.

Miaka michache iliyopita nikakutana Kariakoo na mmoja wa wale wawili. Anauza makava ya simu. Tukacheka, tukakumbushana, nikaanza kumsimulia ile siku ya prodyuza kwa mbwembwe zangu zote. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kaka yako alikuwa sahihi. Ila hakutuuliza." Siku ile ya studio, kumbe, mwanamke wake alikuwa na mimba ya miezi saba.

Ndiyo maana nilipoiangalia ile filamu macho yangu yalimwacha David, nikawa nawaangalia Bobby na Dannis. David ndiye mwenye maono, mwenye pembetatu, mwenye "hapana". Hiyo "hapana" ina bei, na bei iligawanywa kwa tatu. Ni kitu kizuri sana kukataa kubadili jina ukiwa peke yako na gitaa lako. Ukiwa na wadogo zako wawili nyuma, mmoja ameshika besi na mwingine fimbo za dramu, unakataa na kwa niaba ya chakula chao. Watu wanaompigia makofi David hawaulizi wale wawili walirudi nyumbani na nini siku ile.

Na bado walibaki naye, sio mwaka mmoja. Mwaka 1977 wote watatu waliihama Detroit wakaenda kuishi Burlington, katika jimbo la Vermont. Kama huijui Vermont, ni kule juu karibu na mpaka wa Kanada, theluji na misitu, na wakati huo mtu mweusi ungemtafuta kwa tochi. Huko waliacha jina la Kifo, wakajiita The 4th Movement, wakapiga roki ya injili. Walitoa albamu mbili, mwaka 1980 na 1982, na hazikuwafikisha popote. Kama una kipaji cha kuona kejeli, hiyo hapo: jina walilokataa kulibadilisha kwa fedha walikuja kulibadilisha bure.

Mwaka 1982 David alirudi Detroit. Bobby na Dannis wakabaki Vermont, na hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda kuliko zote, ingawa kwenye simulizi za watu huwa inapitiwa haraka haraka. Walianzisha bendi ya rege, Lambsbread. Besi na dramu, yaani kile ambacho rege inakidai kuliko muziki mwingine wowote, na ndicho walichokuwa nacho. Wakapiga rege miaka na miaka, wakaoa, wakalea watoto. Yale ya zamani hawakuyatangaza. Watoto wao walikua wakijua baba na baba mdogo ni watu wa rege, basi. Fikiria umewahi kurekodi kitu kama kile ukiwa kijana halafu unakaa nacho kimya meza moja na wanao, miaka ishirini na zaidi. Najiuliza ilikuwa aibu, ilikuwa uchungu, au ilikuwa tu kwamba kodi ya nyumba haingoji. Nahisi yote matatu, kwa zamu.

David alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Kabla ya hapo, katika mwaka huo huo, walikutana kwenye harusi ya familia, akamkabidhi Bobby zile kanda za studio. Akamsihi azitunze, kwa kuwa iko siku watu wa dunia watakuja kuziulizia. Jiweke kwenye nafasi ya Bobby. Ndugu yako mgonjwa, amekonda, anakukabidhi maboksi ya mwaka 1975 yaliyowagharimu ujana wenu, na bado anakwambia yanakuja kutafutwa. Unamjibu nini? Unaitikia tu, unapakia kwenye gari. Bobby alikwenda nazo Vermont akaziweka. Hakuzitupa. Mimi, kwa mtazamo wangu, ushujaa wa hadithi hii uko hapo kuliko pale kwa Clive Davis.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Zile nakala chache za santuri ya 1976 zilikuwa zimeangukia kwa wakusanyaji wa muziki adimu, wale watu wanaoweza kulipa mamia ya dola kwa kipande kimoja cha plastiki, na wimbo ukaanza kuzunguka kwenye disko za siri na kwenye intaneti. Kufikia mwaka 2008 ulikuwa umemfikia mmoja wa vijana wa Bobby aliyekuwa California, akasikia watu wanacheza kitu cha kasi, akatega sikio, akagundua anayeimba ni baba yake mzazi. Ukipewa hadithi hiyo kwenye tamthilia utasema mwandishi amezidisha chumvi. Akapiga simu nyumbani kuuliza.

Februari 2009 kampuni ya Drag City ya Chicago ilizitoa nyimbo zote saba kwenye albamu moja, ...For the Whole World to See. Miaka thelathini na minne tangu zirekodiwe, na miaka tisa tangu David azikwe. Kwenye gamba kuna jina lile lile, Death, na safari hii hakuna aliyedai libadilishwe. Mwezi Septemba mwaka huo bendi ikarudi jukwaani, Bobby na Dannis pamoja na Bobbie Duncan, mpiga gitaa wao wa Lambsbread, kwenye nafasi ya David. Walitembea sana baada ya hapo, na mwaka 2015 walitoa albamu yenye nyimbo mpya, N.E.W. Nimeisikiliza. Ni nzuri, sio kama ile. Isingekuwa haki kuitaka iwe kama ile. Watu waliopiga ile ya kwanza walikuwa na umri wa kubishana na mama yao kuhusu kelele.

Washikaji wangu wananiambia basi si unaona, David alikuwa sahihi. Alisema watakuja, na wamekuja. Mimi nawajibu kwamba angeweza kusema hivyo na wasije. Kanda zinaoza, nyumba zinaungua, ndugu wanagombana na kuuza vitu vya marehemu. Kuna mamia ya David ambao watu hawakuja kwao, na kwa hao hatutengenezi filamu. Zambia walikuwepo WITCH, bendi kali ya roki ya miaka hiyo hiyo ya 1970, na mwimbaji wao Jagari Chanda alikuja kutafutwa akiwa mtu wa kuchimba vito. Huyo naye alitafutwa. Wasiotafutwa siwezi kukutajia, kwa sababu ya wazi kabisa.

Kaka yangu nilimwonyesha filamu hiyo. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu: wale wadogo zake, walimsamehe? Nikamwambia arudishe nyuma aangalie tena sehemu ile Bobby anavyomzungumzia David. Akarudisha. Yule mshikaji wa Kariakoo namba yake ninayo, nilimpa. Kama amepiga au hajapiga ni yao wenyewe.

Na wale vijana wa Bobby? Baada ya ile simu walikusanyika wakaunda bendi ili kupiga nyimbo za wazazi wao, wakati ambao hata ile albamu ilikuwa bado haijatoka. Baadaye wakatunga za kwao. Bendi inaitwa Rough Francis. Ni jina alilojipa baba yao mkubwa, David, siku za mwisho kule Detroit, alipokuwa akirekodi nyimbo zake peke yake.